Pumziko la Vipimo Vinane

Nilifuta pumziko la kaka yangu kwa kifutio cheusi, alasiri ya Jumatano, nikiwa na akili zangu timamu. Sikuwa na hasira wakati ule. Hasira ilikwisha Jumapili, ikaniachia kitu kikavu zaidi, kitu kinachomwezesha mtu kukaa kitako na kufanya kazi kwa mkono mtulivu. Nilipuliza vumbi la kifutio, nikachonga penseli, nikajaza nota mahali palipokuwa na kimya.

Ilikuwa katika chumba namba saba, cha mwisho kwenye korido ya vyumba vya mazoezi, chenye piano iliyong'oka vibao viwili na dirisha lililogoma kufunga. Chumba cha jirani mtu alikuwa akirudia mstari mmoja wa klarineti. Anakosea, anarudi nyuma, anakosea palepale. Nakumbuka nilimwonea huruma, mtu nisiyemjua hata sura.

Kwa asiyeifahamu kazi hii, niseme tu kwamba pumziko huandikwa kama nota inavyoandikwa. Lina alama yake na urefu wake. Mpulizaji akilifikia anashusha chombo, anameza mate, anaacha damu irudi midomoni. Kaka alikuwa na pumziko la vipimo vinane katikati ya kipande changu, kama sekunde ishirini na tano hivi kwa mwendo ule. Fidla ziliubeba wimbo yeye akiwa kimya, kisha aliingia upya peke yake, akapanda ngazi kwa ngazi hadi nota ya juu kabisa, akakaa hapo. Nilimpa sekunde zile kwa sababu nilijua atazihitaji. Nikazichukua kwa sababu hiyohiyo.

Baba yetu alipiga tarumbeta katika bendi ya magereza miaka ishirini na sita. Tarumbeta ilikuwa mali yake mwenyewe, si ya serikali, na alipenda watu walijue hilo. Kila Jumamosi asubuhi niliitandikia taulo mezani, nikaisugua kwa kitambaa na dawa ya shaba mpaka nikauona uso wangu ndani yake, umevutika kama unga uliokandwa. Nilikuwa na miaka tisa. Kaka alikuwa na kumi na moja, na Jumamosi alikuwa uwanjani na mpira wake; humwoni mpaka tumbo limlete nyumbani.

Siku Baba alipoamua kuitoa, kitambaa kilikuwa bado mkononi mwangu. Alimwita kaka kutoka nje, miguu imejaa vumbi, akamkabidhi.

"Shika. Ukiiangusha, usirudi."

"Na mimi, Baba?" nikauliza.

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka funguo. "Wewe una mwandiko mzuri," akasema.

Na kweli aliutumia mwandiko wangu. Kuanzia wiki ile alinirudia na makaratasi ya bendi, yaliyochakaa, yenye madoa ya chai na jasho la watu waliokwisha kustaafu, akaniagiza niyanakili upya. Mama alisogeza sufuria zake, nikapata kona ya meza ya jikoni. Nilipiga mistari kwa rula, mitano mitano, nikanakili karatasi kumi na saba kwa kila wimbo, kila mpulizaji na yake. Ndivyo nilivyojifunza kupanga muziki, kabla sijajua kwamba kazi hiyo ina jina. Nilijua besi huchoka wapi. Nilijua klarineti ya pili inapenda kujificha chini ya ya kwanza. Na Baba, akipita nyuma yangu na kikombe chake, alikuwa akigonga karatasi kwa kidole: "Hapa usibane. Mpulizaji ni mtu, si bomba la maji. Mwachie nafasi ameze mate."

Kwa hiyo sitasema sikujua.

Kaka hakuwa na kosa lolote, hilo nalo nilimalize mapema. Tarumbeta hakuiomba. Nyuma ya bafu, Baba akiwa kazini, alikuwa akinipa niishike, ananionyesha vidole viende wapi, anacheka nikitoa mlio wa bata. "Pole pole, mdogo wangu. Usiilazimishe, ibusu tu." Tulipofika chuoni, yeye amechelewa miaka miwili kwa sababu ya kibarua cha ghala, tulijikuta darasa moja, na akawa anajisifu kwa wenzake kwamba mtu akitaka kitu kiandikwe vizuri aje kwa dada yake. Sauti yake ya kati ilikuwa nene na yenye joto, kama blanketi lililotolewa juani sasa hivi. Watu waliokuwa wakipita koridoni walipunguza mwendo. Juu ndiko alikokuwa mtu wa kubahatisha. Alipokuwa na miaka kumi na minne alipigwa kiwiko uwanjani, jino la mbele likavunjika pembe, na tangu hapo chombo hakikukaa sawa mdomoni. Akiwa amepumzika, nota ya juu aliipata. Akichoka, ilimtoroka.

Mwaka wa mwisho wanafunzi watatu wa utunzi tulichaguliwa kazi zetu zipigwe kwenye onyesho la kufunga masomo. Yangu ilikuwa ya okestra ndogo na tarumbeta moja mbele. Niliiandika miezi minne nikiwa na sauti ya kaka kichwani. Naomba niaminiwe kwa hili: niliiandika kwa mapenzi. Habari ilipokuja kwamba okestra ya redio itatuma watu wawili, kwamba wanatafuta mpiga tarumbeta wa kuajiri, nilikimbia korido nzima kumwambia. Alinibeba juu, akanizungusha, kiatu changu kimoja kikaruka.

Kisha ikaja Jumapili.

Tulikwenda nyumbani kula. Baba alikuwa amemshonea kaka koti jeusi kwa fundi wake wa zamani wa sare, koti la kukata na shoka, lenye bitana ya kung'aa. Alimsimamisha katikati ya sebule, akamzunguka, akawa anamvuta mabega. Jirani mmoja, mstaafu mwenzake, alikuwa amekaa kwenye kochi akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kijana anapiga peke yake," Baba akamwambia, "okestra nzima nyuma yake."

"Wimbo wa nani?" jirani akauliza.

"Aa, mambo ya hukohuko chuoni."

"Wangu," nikasema. "Nimeutunga mimi, Baba. Wote. Fidla, filimbi, kila kitu."

"Vizuri, vizuri." Alikuwa akichomoa uzi kwenye mkono wa koti. "Na siku hiyo wewe unakaa wapi?"

"Mtunzi hukaa na watu, chini."

"Basi kaa karibu na mama yako," akasema, "umshikie mkoba."

Jirani alicheka. Kaka hakucheka. Alifungua mdomo kusema kitu, Baba akamgeuza mabega kumtazama kwa nyuma, na lile neno likaishia hapo. Mama aliniletea sahani, akaongeza kipande cha nyama bila kuniuliza. Nilikila chote. Nilisifu koti.

Siku tatu baadaye nilichukua kifutio.

Haikutosha kuziba pumziko. Mtu anayejua kupanga muziki anajua pia kuupanga vibaya, na mimi nilikuwa hodari. Mstari uliokuwa wa fidla nilimpa yeye, sauti ileile ya kati aliyoipenda, mtamu, mrefu, wa kumvuta atoe pumzi yake yote kwa hiari. Mwisho wa mstari nikamwachia mahali pa kudaka hewa, padogo kama tundu la sindano, kisha ngazi, kisha nota ya juu. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri kuliko mwanzo. Hilo ndilo lililonisaidia kulala.

Mwalimu wa utunzi, tuliyemwita Bi Penseli kwa sababu daima alikuwa na moja imechomekwa kwenye nywele, aliipitia Alhamisi ofisini kwake. Alisoma kimya, mguu mmoja ukipiga mapigo chini ya meza. Akafika pale. Mguu ukasimama.

"Hapa kaka yako atapumua wapi?"

"Anaweza, Mwalimu. Namjua."

Alinitazama juu ya miwani muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. "Haya," akasema. "Wewe ndiye unayemjua."

Mazoezi ya kwanza yalikuwa Jumatatu iliyofuata. Kaka alisoma karatasi yake, akapiga mpaka pale, akakatika kabla ya ngazi. Akajaribu tena. Akashusha tarumbeta, akajifuta midomo kwa kiganja, akasubiri mapumziko ya chai, akanifuata dirishani.

"Dada, ile nafasi yangu uliyonionyesha imekwenda wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. "Bi Penseli ameona muziki unapwaya pale. Kaniambia nikupe wewe mstari wa fidla."

"Bi Penseli?"

"Ndiyo."

"Haya." Akakunja karatasi yake mara mbili. "Nitajipanga."

Alijipanga kweli. Juma zima alikuwa kwenye chumba cha mazoezi asubuhi kabla ya mtu yeyote, akitoka na midomo iliyovimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, akiipooza kwa mgongo wa kijiko alichokichovya kwenye maji ya baridi. Jumatano na Ijumaa, tulipofanya mazoezi na okestra, kila akifikia ngazi aliipiga oktava ya chini, nota zilezile kwa sauti nzito isiyochosha, na kiongozi wa okestra akamwitikia kwa kichwa. Wapulizaji wengi huiweka akiba midomo yao kwa ajili ya siku yenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma na nakala ya kipande chote mapajani. Mara mbili nilisimama. Mara mbili nikakaa. Nilijiambia kesho nitasema, na kesho ilikuwa inafika mapema kila siku, ikinikuta na maneno yaleyale hayajatoka.

Onyesho lilikuwa Jumamosi saa kumi jioni. Jua lilipenya madirisha ya juu ya ukumbi na kuanguka kwenye mabega ya wapiga selo, zile fidla kubwa za kukalia. Watu wawili wa redio walikuwa safu ya tatu, mwanamke mnene mwenye daftari na mwanamume aliyefumba macho tangu mwanzo. Baba alikuwa mbele kabisa, mgongo umenyooka kama yuko gwarideni. Nilikaa karibu na Mama. Mkoba wake ulikuwa mapajani mwangu. Aliniomba nimshikie, basi tu, bila kukumbuka chochote.

Kaka alipoanza, ukumbi ulitulia namna ninayoijua sasa, baada ya miaka mingi ya kazi hii, kuwa ni nadra. Aliupiga ule mstari nilioujaza kana kwamba ameutunga yeye. Aliupiga vizuri mno. Hakuibana pumzi, hakuweka akiba, alitoa yote. Yule mwanamume wa redio akafumbua macho.

Halafu akadaka hewa kwenye lile tundu la sindano, akapanda. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nota ya juu ilitoka safi kwa robo ya urefu wake, kisha ikapasuka. Mlio uliobaki siwezi kuufananisha na kitu cha heshima. Alijaribu kuushika, ukapasuka tena, chini zaidi. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo, na mlio wa kumziba mdomo nao ukasikika. Kaka akashusha tarumbeta. Vipimo kumi na tisa vilivyobaki okestra ilivimaliza bila yeye, naye amesimama mbele katika lile koti, mikono imelala ubavuni.

Watu walipiga makofi. Walinipigia mimi, kiongozi wa okestra alinyoosha mkono kuelekea kiti changu, nikasimama, mkoba wa Mama ukaanguka, vitu vyake vikatawanyika sakafuni, nikainama kuviokota, na ikaonekana kama nimeinama kushukuru.

Yule mwanamke wa daftari alinikuta mlangoni. Alisema kijana amepata bahati mbaya, hayo hutokea. Alisema tena kwamba mpangilio wa fidla umemgusa, na kwamba pale redioni wana uhaba wa watu wa kupanga muziki. Walikuja kutafuta tarumbeta, wakaondoka na mimi.

Nyumbani Baba hakukaa. Aliinyoosha mikono, kaka akampa sanduku la tarumbeta. Akaliingiza kabatini, nyuma ya sare zake, akafunga.

"Hukufanya mazoezi," akasema.

Kaka aligeuka kuelekea jikoni. Alinitazama. Nilikuwa kwenye meza ya jikoni, mlango uko wazi, hatua sita kati yetu. Alinitazama bila ukali wowote, kama mtu anayengoja zamu ya mwingine kusema. Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta meza. Meza ilikuwa safi.

Mwezi uliofuata nilianza kazi redioni. Kaka aliacha chuo bila kuchukua cheti, akarudi ghalani, kisha akaendesha malori, kisha sikujua tena mpaka Mama aniambie. Hatukugombana. Tulisalimiana sikukuu zilipotukutanisha, tukaulizana habari za afya.

Mwaka wa tatu okestra ya redio iliamua kukirekodi kile kipande. Nilikitoa kwenye jalada, nikakaa nacho ofisini, mchana mweupe, watu wakipita na vikombe vyao. Nikarudisha vipimo vinane. Mpiga tarumbeta wao, mzee mmoja mwenye tumbo na utani mwingi, alipomaliza kurekodi alinishika bega. "Wewe binti unajua watu," akasema. "Wengine wanatuandikia kama hatuna mapafu." Nikamshukuru. Nilikwenda msalani, nikafungua bomba, nikaliacha limwage maji.

Baba aliugua mwaka wa sita. Mapafu. Nilikuwa nikimtembelea wodini alasiri, baada ya kazi, nikimshikia kikombe. Alikuwa amekuwa mpole, kama wengi wanavyokuwa, na alianza kunisifu mbele ya wauguzi: binti yangu huyu, mnayemsikia redioni. Ile sifa niliyoililia utoto mzima ilikuja, na kila ilipokuja nilitamani anyamaze.

Siku moja aliuliza, macho yakiwa darini: "Hivi kaka yako uvivu aliuanza lini?"

Nilikuwa na nafasi. Wodi ilikuwa tulivu, kitanda cha pembeni kitupu, pazia limevutwa. Hakuna aliyenikimbiza.

"Sijui, Baba," nikasema. "Kunywa maji."

Alifariki wiki mbili baadaye. Kaka alikuja, akabeba jeneza upande wa mbele kulia, akaondoka na basi la jioni.

Ilinichukua mwaka mwingine mzima kwenda kumtafuta. Alikuwa mwalimu wa udereva. Shule yao ilikuwa kiwanja cha lami iliyopasuka, nguzo za plastiki zimepangwa mistari, kibanda cha bati chenye viti vitatu na picha ya alama za barabarani ukutani. Alikuwa ameongezeka mwili. Alinipa kiti, akafuta vumbi kwanza kwa kiganja.

Nilimwambia yote, nikitazama ile picha ya alama za barabarani. Koti, mkoba, kifutio, jina la Bi Penseli nililolitumia. Nilipomaliza alikuwa akizungusha kifuniko cha chupa ya maji, anafunga, anafungua.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ile. Baada ya chai nilikwenda kwa Bi Penseli kumwomba anirudishie nafasi yangu. Akashangaa. Akasema hajaondoa kitu."

"Ukajua, ukapiga?"

"Nilidhani utaona aibu kabla ya Jumamosi." Alisema bila kupandisha sauti. "Kila asubuhi nilikuwa nasema, leo atakuja. Ijumaa nikakuona umesimama kule nyuma. Nikasema, haya, huyo anakuja."

Nikaanza kulia. Aliningoja nimalize, kwa subira ya mtu anayefundisha watu kupaki gari.

"Kaka, nisamehe."

"Mimi?" Alifikiri kweli, nilimwona akifikiri. "Nota ile hata ukiniachia pumziko pengine ningeikosa. Jino hili tunalijua wote. Mimi si hoja sana." Akaweka chupa chini. "Mzee ungemwambia. Alikufa akiniona mvivu, na wewe ulikuwa unakaa naye pale kila siku. Hilo umekuja kuliombea msamaha kwa nani sasa?"

Nje honi ililia mara moja, fupi, ya uoga. Mwanamke wa makamo alikuwa ameketi nyuma ya usukani wa gari jeupe lenye vibao vya wanaojifunza, mikono yote miwili imekaza, akingoja. Kaka alisimama, akachukua daftari lake la mahudhurio. Nilimfuata hadi kwenye gari kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda.

Yule mwanamke aliteremsha kioo, akayatazama macho yangu mekundu. "Mgeni wako, Mwalimu?"

"Dada yangu," kaka akasema, akizunguka upande wa pili. "Anatunga muziki. Wanaupiga redioni."

"Kumbe! Hongera, dada."

"Asante," nikasema.

Kaka aliingia, akafunga mkanda, akarekebisha kiti. Alimwambia ashushe breki ya mkono, atazame kulia, atazame tena. Gari lilishtuka, likazimika, likawaka upya, likaanza kwenda pole pole kati ya zile nguzo. Nilisimama kwenye lami. Lilipofika mwisho wa kiwanja lilipinda vizuri, bila kugusa nguzo hata moja, na kupitia dirisha lililokuwa wazi nilimsikia akimsifu.